Rejista Yangu, Watoto Wake

Jumamosi, 28 Septemba. Rusimbi.

Joto la leo ni lile la mwisho wa kiangazi, la moshi wa mashamba yanayochomwa milimani na vumbi linalokaa kwenye meno. Wiki nzima milima ya Kongo haijaonekana ng'ambo ya ziwa. Nimeoga mara mbili tangu nirudi na bado nina mchanga wa uwanja masikioni.

Nina wivu.

Nimeandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Blogu hii ina wasomaji watatu. Mmoja ni dada yangu aliye Singida na mwingine ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sioni ninamficha nani. Nina wivu na mtu anayeitwa Fideli, na leo wivu huo umenifanya niseme neno mbele ya watoto ambalo sitalisahau upesi.

Niende kwa utaratibu, maana bila utaratibu nitaanza kujitetea.

Kazi yangu ni ya duka la steshenari hapa Rusimbi. Nachapa barua, natoa nakala, nabana vitabu. Baba alikuwa bwana misitu, akahamishiwa Kigoma nikiwa kidato cha pili. Amestaafu na hajaondoka. Mpira sikuwahi kuucheza vizuri. Shuleni nilikuwa yule anayeshika saa na kuandika nani amefunga dakika ya ngapi. Lakini nilipenda kuwatazama wanaofundishwa wakibadilika, na mwezi wa saba nikaanzisha timu ya watoto wa chini ya miaka kumi na miwili kule Kasingirima, wavulana na wasichana pamoja, kwa sababu kulikuwa na uwanja wazi na watoto wasio na timu. Mazoezi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni. Nina rejista ya mistari niliyoipiga kwa rula. Aliyekuja anapata vema, asiyekuja anapata msalaba.

Siku nyingine za wiki uwanja huo huwa wa Fideli.

Fideli amenizidi mwaka mmoja. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto, mgongoni mwa mama yake, akakulia kambini. Baadaye mama yake mkubwa, ambaye ukoo wa mumewe ulipata makazi Ujiji tangu zamani, akamchukua. Karatasi zake ziko sawa. Najua, kwa sababu alipokuwa anaomba nafasi ya kozi ya ukocha alikuja dukani kutoa nakala, na nilizisoma kwa makini kuliko kazi ya kutoa nakala inavyohitaji. Nilikuwa natafuta kosa. Sikulipata. Nikamrudishia, nikamwambia karibu tena.

Hana rejista. Hana saa. Filimbi hana, anapiga mluzi kwa vidole viwili na mtaa mzima unageuka. Watoto wake hawapungui ishirini. Wakipasha misuli wanahesabu kwa Kirundi, rimwe, kabiri, gatatu, hata wale ambao babu zao ni wa Ujiji hii hii, na wanahesabu kwa kupiga kelele kama wanashangilia kitu. Watoto wangu wanahesabu kama wanasoma namba za mtihani.

Mwisho wa mwezi wa nane niliweka sheria. Niliona misalaba imekuwa mingi mno. Anayekosa mazoezi matatu mfululizo bila taarifa, jina linakatwa kwa kalamu nyekundu. Timu ni nidhamu. Nilikata majina matano kwa siku moja, na la tatu katika hayo lilikuwa la Zuhura.

Zuhura ana miaka kumi na moja. Mama yake anaanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa. Alikuja kwangu akipokea mpira kwa mguu wa kulia tu, mwili umefungwa kama mlango. Miezi miwili nilimfundisha kugeuza bega kabla mpira haujafika na kuupokea kwa kushoto. Miezi miwili, nimeandika kila zoezi. Siku nilipomwambia jina lake limekatwa, aliangalia ile rejista, akaniangalia mimi, akasema:

"Kocha, dagaa hawana Jumatatu."

Nilidhani ananijibu kwa ujeuri. Nikamwambia aende akafikirie. Alikwenda, na wiki iliyofuata nikamwona upande wa Fideli, yeye na wenzake wanne, wakihesabu rimwe, kabiri, gatatu.

Hapo ndipo wivu ulipoanza kuota kucha. Kabla ya hapo ulikuwa unawasha tu.

Basi Jumatatu iliyopita kozi ikaanza. Ni ile ya leseni ya kwanza ya ukocha wa watoto, siku sita, washiriki kumi na wanane, katika darasa la shule moja ya msingi mjini. Mkufunzi ni mama mmoja mrefu aliyewahi kucheza, anazungumza polepole na hacheki ovyo. Wote tulimwita Mkufunzi. Alitueleza siku ya kwanza kwamba leseni ina miguu mitatu: mtihani wa kuandika, faili la kocha lenye mipango ya mazoezi na mahudhurio, na vitendo, yaani kila mtu kufundisha watoto wake kumi na wawili kwa dakika ishirini siku ya Jumamosi. Asiye na mmoja kati ya hiyo hapati leseni.

Niliposikia neno faili, moyo ulinichangamka kama mtu aliyesikia jina lake limetajwa redioni.

Jumanne mchana tulikula pamoja, mimi na Fideli, kwenye kivuli cha darasa. Nilimuuliza, nikijifanya sina haja na jibu, kwa nini haandiki mahudhurio. Alitafuna kwanza, akameza.

"Kambini tulihesabiwa sana," alisema. "Kuhesabiwa kwa chakula, kwa blanketi, kwa kuambiwa nani anarudi na nani anabaki. Mtu akija na karatasi na kalamu, mama anakuvuta nyuma yake. Mwenye orodha hakuwahi kuja kucheza, Elia. Na mimi wale watoto wangu, nusu wametoka huko huko. Nikifungua daftari, watakimbia au watapanga foleni."

"Sasa faili utafanyaje?"

"Ego, ndiyo, hilo ndilo linanikosesha usingizi," alisema, akacheka, akanigawia kipande chake cha samaki, mgebuka, bila kuniuliza kama nataka.

Nilikila.

Jumatano, wakati wa chai, nilimkuta Mkufunzi peke yake. Nikamuuliza swali. Nililivalisha nguo za swali la jumla: je, Mkufunzi, mtu ambaye hana rejista hata moja, hajawahi kuandika mpango hata mmoja, anaweza kupita kwa vitendo tu? Akaniuliza, yupo mtu wa hivyo hapa? Nikasema, nauliza tu. Lakini macho yangu yalikwenda dirishani, ambako Fideli alikuwa anawaonyesha washiriki wawili namna ya kutuliza mpira kwa kifua, na macho ya Mkufunzi yakafuata macho yangu.

Sikumweleza habari ya kambi. Nilikuwa ninaijua tangu jana yake, bado nina ladha ya samaki wake mdomoni, na sikuitaja.

Hilo ndilo la kwanza nililotaka kulikiri hapa. La pili ni la leo.

Nilifika uwanjani saa mbili na nusu. Koni zangu nilizipanga kwa kupima hatua. Mada niliyoivuta kwenye kura ilikuwa kupokea mpira na kugeuka, na kama kuna mada iliyoumbwa kwa ajili yangu ni hiyo. Nilikuwa na mpango wa kurasa nne, makundi matatu ya watoto wanne wanne, mishale ya rangi mbili. Tangu Jumatatu niliwatumia wazazi ujumbe, na jana nikautuma tena: Jumamosi, saa tatu kamili, msichelewe.

Saa tatu walikuwa watoto watano. Saa tatu na nusu wakawa saba.

Saba.

Nilimpigia mzazi mmoja, simu ikaita bila kupokelewa. Nikampigia Mama Zuhura, sijui kwa nini, labda kwa mazoea. Alipokea. Nyuma yake nilisikia wanawake wakiitana na ndoo zikigongana.

"Shikamoo, mama. Nauliza kama umewaona watoto wa timu yangu."

"Marahaba. Wako hapa wanaanika, kocha. Mitumbwi imeingia imejaa tangu alfajiri. Hujui kuwa ni giza?"

"Giza? Saa tatu asubuhi hii, mama?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamsikia akiwaambia wenzake, "Kocha Kalenda huyu anauliza giza ni nini," na wote wakacheka. Kumbe nina jina. Kumbe ninalo siku nyingi.

Kisha akanieleza kama anavyoelezwa mgeni. Mwezi usipoonekana usiku ndipo dagaa hufuata taa za wavuvi, ndipo mitumbwi hurudi mizito, na ndipo kila mwenye mikono mwaloni anahitajika: asubuhi kuanika, mchana kugeuza, saa kumi jioni kuanua kabla umande haujashuka. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanalala na watoto wana jioni yao yote. Nimeishi Kigoma miaka tisa. Najua kama mtu yeyote kwamba dagaa hupanda bei mbalamwezi. Sikuwahi kujiuliza saa kumi jioni ya siku za giza inamilikiwa na nani.

"Mbona Fideli ana watoto?" nilimuuliza, na hata mimi nilisikia sauti yangu ilivyokuwa.

"Fideli alikuwa hapa saa kumi na mbili, kaanika na sisi. Tumemaliza sehemu ya watoto wake mapema, tukamwambia awachukue. Wewe ungekuja tungekukatalia?"

Nilikata simu bila kuaga. Nililelewa vizuri kuliko hivyo.

Fideli aliingia uwanjani saa nne kasorobo na watoto wake kumi na wawili, wanakimbia kwa mstari nyuma yake. Suruali yake ilikuwa na magamba hadi magotini na alinuka mwalo. Washiriki wa mjini walishika pua na kucheka. Kwenye karatasi ya Mkufunzi kuna alama za unadhifu, na nilimwona akipunguza moja. Nilifurahi. Alama moja, nikafurahi kama aliyeokota pochi.

Alifundisha kabla yangu. Sitaki kueleza yote. Mada yake ilikuwa pasi fupi, na hakuwa na koni zaidi ya nne. Aliwaambia wafikirie wako kati ya chanja za kuanikia, kwamba mpira ukigusa chanja dagaa wote wanamwagika na mama anakuja na fimbo. Watoto wakacheka, na wakapiga pasi za chini, za haraka, safi. Waliziona zile chanja. Hata mimi niliziona. Zuhura alipokea mpira mmoja katikati ya watatu, bega lake limeshageuka kabla haujafika, akautuliza kwa kushoto na kuutoa. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Huyo Mrundi anajua kufundisha."

Ule mguu ni wangu. Ninazo tarehe zake. Nilitaka kumgeukia yule mtu nimwonyeshe kurasa.

Zamu yangu ilipofika, Fideli aliona. Alihesabu watoto wangu kwa jicho, bila kidole, akaja karibu na kusema kwa sauti ya chini, "Chukua hawa watano wa kwako wa zamani, Kocha. Bado wana miguu."

Zuhura na wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake. Walikwishavua vizibao vya mazoezi alivyowavalisha Fideli. Walikuwa tayari.

Nikasema, "Hawa si wa kwangu."

Sikusema kwa sauti ya chini.

Zuhura alikiangalia kizibao mkononi mwake, akakivaa tena. Alikivaa kinyume, mshono nje.

Dakika zangu ishirini zilikwenda hivi. Mpango ulitaka makundi matatu ya wanne. Nilikuwa na saba. Nilitumia dakika sita kuhamisha koni na kugawa upya, watoto wamesimama jua kali, mmoja akakaa chini. Nilisoma kwenye karatasi nikapoteza mstari. Nilipiga filimbi mara nyingi kuliko mpira ulivyopigwa. Mwishoni Mkufunzi aliniita pembeni, na kwa kuwa ni mtu wa haki alianza na jema.

"Elia, mtihani wako ni wa kwanza darasani. Faili lako ningependa kulionyesha wilaya nyingine. Lakini leo ulikuwa unafundisha karatasi. Watoto walikuwa wanakusubiri umalize."

Narudia vitendo. Anakwenda wilaya za juu na atapita tena hapa Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba. Watoto kumi na wawili, dakika ishirini.

Kisha akamwita Fideli. Tulikuwa karibu, tunasikia wote. Alimwambia vitendo vyake ni bora kuliko vya wote kumi na wanane. Akamuuliza, "Yule msichana anayepokea kwa kushoto, umemfundisha kwa muda gani?"

Fideli hakufikiri. Alinyoosha mkono kunielekea.

"Yule ni kazi ya Kocha Elia. Mimi nimemkuta hivyo."

Ningekuwa mtu mwema, hapo ndipo wivu ungekufa. Wasomaji wangu wawili wengine labda wanangoja niandike kwamba ulikufa.

Uliongezeka. Alikuwa na watoto, alikuwa na mluzi, alikuwa na ule mchezo wa chanja ambao mimi nisingeubuni kwa kurasa arobaini. Sasa na wema pia kauwahi yeye. Mimi nilikuwa nimebakiwa na nini? Na rula.

Baadaye Mkufunzi akamwambia lililobaki. Faili hana. Bila mipango ya mazoezi ya miezi mitatu na mahudhurio yake hawezi kumpa leseni, hata angefundisha kama malaika. Amempa mpaka tarehe 12 ile ile. Alisema, "Nilishtuliwa mapema kuhusu hili, nikataka kuhakikisha." Hakuniangalia aliposema hivyo, na nilimshukuru na kumchukia kwa pamoja. Huenda angeligundua tu. Faili ni faili. Huenda.

Wenzetu walipoondoka Fideli alinifuata nikikusanya koni. Watoto wake walikuwa wanamngoja warudi kugeuza dagaa.

"Kocha. Wewe una mkono wa kuandika. Nisaidie."

"Huna hata kumbukumbu ya ulichofundisha lini."

"Ninayo. Yote iko hapa." Aligusa paji la uso. "Tarehe tu ndiyo sina. Nakumbuka siku ya pili ya giza la mwezi wa nane, tulipiga pasi kati ya chanja. Mbalamwezi ilipokuwa duara tulicheza mpaka wakaanza kuonana kwa vivuli. Niulize siku yoyote, nitakwambia walikuwepo nani."

"Na majina? Si ulisema wataogopa?"

"Andika yale ya kuitana uwanjani. Kidole, Mapafu, Bibi Harusi. Hayo hakuna anayeyaogopa."

Nikamwambia nitaangalia. Nitaangalia ni neno la dukani, la mteja asiye na haraka. Yeye alilipokea kama ndiyo. Alisema atapita kesho saa nane mchana, baada ya ibada, kabla ya kuanua. Akapiga mluzi, wakaondoka wakikimbia. Zuhura alikuwa wa mwisho, na hakugeuka.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Baba aliniuliza imekuwaje, nikasema joto kali. Akasema, "Joto halijawahi kumfelisha mtu mtihani, Elia," akarudi kwenye gazeti lake.

Sasa niandike nilichofanya jioni hii, kwa sababu ndicho kilichonikalisha hapa.

Kalenda tuliyopewa dukani ina vijiduara vya mwezi, vyeusi na vyeupe. Nimeitazama miezi tisa bila kuviona. Leo nimeishusha ukutani, nikaiweka mezani pembeni ya rejista. Nikahamisha misalaba yote kutoka rejista kwenda kwenye kalenda, nukta moja kwa kila msalaba. Sikuhitaji kumaliza. Mwanzo wa Agosti, nukta zimekizunguka kiduara cheusi kama inzi. Mwisho wa Agosti, hivyo hivyo. Leo, kiduara cheusi chenyewe, kimeangukia juu ya Jumamosi ya mtihani wangu. Kwenye viduara vyeupe karibu hakuna nukta hata moja. Jumatatu tatu za mbalamwezi nilikuwa na watoto wote. Wote. Zuhura hajakosa hata siku moja ambayo mama yake hakumhitaji.

Rejista yangu ilikuwa inajua. Ilikuwa inaniambia tangu mwezi wa nane, na mimi nilikuwa naikata kwa kalamu nyekundu.

Halafu nikahesabu mbele. Tarehe 12 Oktoba, siku ya kurudia, kiduara kikubwa cheupe kiko kesho yake. Wavuvi watakuwa wamelala. Watoto wangu watakuja wote bila kuombwa, na nitapita. Simhitaji Fideli kwa lolote. Yeye ndiye ananihitaji. Nikimwambia kesho kwamba nina kazi nyingi dukani, kwamba mashine imeharibika, hakuna atakayenilaumu. Nitakuwa kocha pekee mwenye leseni Kasingirima, na watoto ishirini na zaidi watahitaji mtu wa kuwafundisha.

Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ningependa kuandika. Lilikuwa tamu. Niliona hata mahali ningepanga koni.

Kilichoniharibia utamu ni kile kizibao. Nilikuwa naona mshono wake nje, na mtoto aliyekwishakivua kwa ajili yangu, baada ya mimi kumkata. Sidhani alikuwa amenisamehe. Nadhani alitaka tu kucheza, na alidhani mimi pia ndicho ninachokitaka.

Nimechukua daftari jipya, la kurasa tisini na sita. Nimepiga mistari. Safu ya kwanza ni ya mwezi wa angani: giza, unakua, duara, unapungua. Ya pili tarehe. Ya tatu zoezi. Ya nne majina ya kuitana uwanjani. Daftari zuri. Nakiri kwamba hata nikilipiga mistari nilikuwa na wivu, kwamba litajaa mambo ambayo mimi sikuyabuni. Kwenye jalada nimeandika kwa herufi kubwa: TIMU YA KOCHA FIDELI, KASINGIRIMA. Mkono ulisita kwenye neno kocha. Ukaandika.

Nimefungua na rejista yangu ukurasa wa Agosti. Kalamu nyekundu haifutiki, nimejaribu. Pembeni ya yale majina matano nimeandika kwa penseli: kosa la kocha. Jumatatu, kabla ya mazoezi ya mtu yeyote, nitakwenda mwaloni saa kumi na mbili asubuhi na suruali nisiyoionea uchungu. Nitamsalimia Mama Zuhura, nitamwacha acheke mpaka akohoe, kisha nitamwomba binti yake msamaha mbele ya wale walionisikia. Kama akitaka kubaki kwa Fideli, abaki. Itaniuma. Najua tayari itaniuma wapi.

Limebaki moja tu, na rula haiwezi kulinyoosha. Kesho saa nane Fideli atakaa mbele yangu na kuanza kuhesabu mbalamwezi zake, nami nitazigeuza tarehe, mpaka faili litimie. Hajui nani alimshtua Mkufunzi. Nitamwambia. Hilo nimeshaamua, nimeliandika hapa ili dada yangu alisome na nisiweze kurudi nyuma.

Ila sijajua bado: nitamwambia kabla ya mstari wa kwanza, wakati bado anaweza kuchukua daftari na kuondoka, au nitangoja mpaka mstari wa mwisho, wakati atakuwa hana la kufanya ila kunishukuru?